Ala Iliyotundikwa Msumarini

Siku niliyokabidhi funguo, mmoja wenu aliniuliza kile kitu kilichokuwa kikining'inia kwenye msumari juu ya meza kimekwenda wapi. Nikajibu kwamba nimekichukua. Lilikuwa jibu la kivivu, na sasa nina muda wote duniani pamoja na dole gumba lisiloweza tena kusukuma sindano, kwa hiyo nitajibu vizuri. Ilikuwa ala ya bastola, ya kuvaa kiunoni, ngozi ya kahawia, mkono wa kulia, na kikanda chake cha kufungia. Niliishona mwenyewe na nikaiharibu mwenyewe. Kwa ajili yake mtu mmoja alibeba kosa langu kwa miaka mitatu, nami nilikuwa nikimwona kila Jumapili.

Nilifika karakana hii mwaka 2015, nikiwa na miaka hamsini na tisa na sina kibanda. Bukavu nilikuwa fundi viatu, na nilipohamia huku kusini, mtaa wa Rosettenville, nikawa fundi viatu, mpaka mwaka ule kibanda changu kilipovunjwa nikabaki na msharasi wa kushonea uliokuwa mfukoni. Mtu wa kanisani akaniambia kwamba nyuma ya duka moja la silaha, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka chumba changu cha La Rochelle, kuna mzee wa Kizungu anatafuta mtu anayejua kushona ngozi kwa mkono. Nilienda nikidhani wanashona mikanda.

Mzee huyo ndiye Oom Faan, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Oom kwa Kiafrikana ni mjomba, na kila mtu alimwita hivyo, hata mtu wa benki. Maisha yake yote alikuwa ameshona matandiko ya farasi, kisha farasi wakapungua mjini na hofu ikaongezeka, akahamia kwenye ala za bastola. Siku ya kwanza alinipa kipande cha ngozi na uzi wa nta, akaniambia nishone mstari mmoja. Nilipomaliza hakuutazama upande wa mbele kabisa. Aliugeuza akakagua mgongo wake, akaguna, akanionyesha kiti. Huo ndio ulikuwa usaili wangu wa kazi.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini niandike kwa ajili ya watakaokuja baada yenu. Unakata ngozi nene ya ng'ombe, unagundisha, unashona, kisha unailowesha kwa maji ya vuguvugu. Ndani yake unaingiza ile bastola ya bandia ya aluminiamu, ya aina ileile ambayo mteja anayo, na kwa kipande cha mfupa unaikandamiza ngozi mpaka ishike kila kona. Ikikauka uigonge kwa ukucha. Ikilia kama ubao, imeiva. Bastola ya kweli haikanyagi meza yetu, na anayekuja nayo kiunoni arudishwe dukani kwa heshima zote.

Ala yangu ya kwanza niliipenda sana. Niliipaka mafuta, nikaisugua, nikaikunja huku na huku mpaka ikawa laini ya kuvalika, kama nilivyozoea kufanya kwa viatu vya maharusi. Bukavu sifa yangu yote ilikuwa hiyo, kwamba kiatu changu hakimchubui mtu hata siku ya kwanza. Oom Faan aliiweka mezani, mdomo wa ala ukalala wenyewe. Akaubonyeza kwa dole gumba, ukakunjika ndani. Akanieleza taratibu kwamba mtu anayerudisha bastola mara nyingi haangalii, na ngozi iliyokunjika huingia pale penye nafasi ya kidole na kuivuta triga badala ya kidole. Mdomo wa ala lazima usimame wazi hata ikiwa tupu. Kisha akachukua kisu, akaikata ala yangu vipande viwili mbele ya macho yangu. Nilinuna wiki nzima, naye hakujali hata kidogo.

Wateja wetu walikuwa wa namna mbili. Kulikuwa na watu wa Sandton, mtaa wa matajiri, waliotaka ala ifanane rangi na viatu, na kulikuwa na walinzi. Wale wa Sandton walichagulia dukani mbele, halafu wakapelekwa kwa Ma Thandeka, mkufunzi wa uwanja wa shabaha, mama aliyewahi kuwa polisi na ambaye sikumsikia akipaza sauti hata mara moja. Mume mmoja alikuja na mke wake akamchagulia kibastola kidogo kwa kuwa mama ana mikono midogo. Ma Thandeka alimwacha mama afyatue kile kidogo kisha kikubwa, na mama mwenyewe akagundua kwamba kile kidogo ndicho kinachopiga mkono kwa ukali zaidi. Mwingine alitaka triga ilegezwe iwe nyepesi kama kwenye sinema. Ma Thandeka alimwambia aende kwanza akajifunze na ile nzito, na akiweza, hataitaka tena ile nyepesi.

Mafunzo yake yalikuwa ya kuchosha kwa makusudi. Bastola tupu, ukuta mbele, na kutoa na kurudisha mara mia. Kidole kimenyooka ubavuni mwa bastola, mbali na triga, mpaka unapoamua kufyatua. Kwenye kurudisha alikuwa mkali zaidi kuliko kwenye kutoa. Alikuwa akisema hajawahi kumwona mtu aliyepewa zawadi kwa kurudisha bastola haraka.

Mmoja wa wanafunzi wake nilimpeleka mimi. Aliitwa Deo, Mrundi, mrefu, mtaratibu, kanisani kwetu alikuwa protokole, yaani wale wanaosimama mlangoni kupokea watu na kuwaonyesha viti. Alikuwa amebahatika kupata ukaazi wa kudumu, jambo ambalo wengi wetu tunalisikia tu, na bila hilo mgeni hapewi cheti cha kubeba silaha. Asiye nacho atashika rungu mpaka azeeke. Deo alipata cheti, akaajiriwa kusindikiza gari la bidhaa linalozunguka kwenye spaza, yale maduka madogo ya mtaani, huko Diepsloot. Mkewe, Mama Keza, ambaye husuka nywele, alikuja kunishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyemwajiri.

Ma Thandeka alimpenda. Darasani alikuwa akiwaambia wengine, "Angalieni kidole cha Deo." Na kweli kidole kile kilikuwa kimenyooka muda wote, hata akishika kikombe cha chai. Tulimtania kwamba siku moja atashindwa kukikunja ashike kijiko. Kumbukeni hilo la kidole.

Ala yake niliishona mimi mwenyewe mwanzoni mwa 2016, ngumu na iliyosimama, na Oom Faan aliikagua mgongo na mbele akaguna ule mguno wake mzuri. Miezi michache baadaye Deo alikuja karakana akiwa anachechemea kidogo. Oom Faan alikuwa amekwenda jimbo la Free State kumzika dada yake, nilikuwa peke yangu. Alinieleza kwamba anakaa ndani ya gari saa kumi na mbili kwa siku, mkanda wa gari unapita juu ya ala, na ukingo wa ala unamkata nyonga. Akapandisha shati akanionyesha. Palikuwa na alama nyekundu iliyovimba, na mahali pengine palikuwa pamechubuka.

"Papa Ombeni, hii kitu inaniua," alisema. "Fanya kidogo tu ilainike. Wewe unajua ngozi kuliko hao wote."

Nilipaswa kumwambia avae mkanda mpana zaidi, au ala ishuke chini kidogo, au nimshonee nyingine yenye pembe tofauti. Yote hayo nilikuwa nimeshayajua. Lakini nilitazama lile chubuko na ndani yangu akaamka fundi viatu wa Bukavu. Mtu wangu anaumia kwa kitu nilichokishona. Na ile sentensi ya mwisho pia, nisiwadanganye, ilinitekenya. Nikachukua mafuta, nikaupaka ukingo wa mdomo, nikaupigapiga kwa nyundo ndogo, nikaukunja na kuukunjua mpaka ukawa mlaini. Ilichukua robo saa. Deo aliivaa, akakaa kwenye kiti, akainuka, akacheka. Akaniambia, "Sharp, Papa," yaani safi kabisa, akaondoka akitembea vizuri.

Nafuu hiyo ilidumu kama wiki tano. Asubuhi moja ya baridi, kwenye uwanja wa kampuni yao, Deo alipokea bastola, akaikagua juu ya ile ndoo ya mchanga ya kumeza risasi ya bahati mbaya, kama inavyotakiwa, akaweka risasi, akageuka akairudisha kiunoni huku akimjibu dereva. Ikalia. Risasi ilipita pajani ikatokea karibu na goti. Hakufa. Nilipopata habari nilimshukuru Mungu kwamba hakufa, na kabla sijamaliza kushukuru nikakumbuka nyundo yangu.

Walinzi wote waliokuwa kwenye foleni walisema ni kidole. Bastola hailii yenyewe, walisema, na hilo ni kweli. Deo, akiwa kitandani hospitalini, aliapa kwamba kidole chake kilikuwa nje. Kamera ilikuwa imemwona mgongo tu. Msimamizi wake akaleta ala kwetu kwenye mfuko wa plastiki, akanikuta tena peke yangu, kwa kuwa Oom Faan alikuwa bado Free State akimaliza mambo ya mirathi ya dada yake. Aliuliza swali moja: je, mshono umeachia, au kuna kifungo kilichovunjika?

Niliitoa mfukoni. Mdomo ulikuwa umelala ndani, na kwenye mkunjo palikuwa na alama ya kona ya triga, wazi kama alama ya jino kwenye embe. Mshono ulikuwa mzima. Kifungo kilikuwa kizima. Nikamwambia mshono ni mzima na kifungo ni kizima. Akaandika, akashukuru, akaenda zake, na ala akaiacha kwa sababu haikuwa na kazi tena.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu swali aliloliuliza na si lile alilopaswa kuuliza. Niliogopa, basi. Niliogopa karakana itafungwa, Oom Faan atanifukuza, nitarudi kwenye kibanda ambacho hakipo. Niliwaza pia kwamba Deo atapona na mambo yatasahaulika. Hakuna sababu yoyote nzuri kati ya hizo, na sitaki mnitafutie.

Deo alifukuzwa kwa uzembe na silaha. Serikali ikamtangaza kuwa mtu asiyefaa kubeba silaha, na cheti kikaenda. Mguu ulipona vibaya, akawa anauburuta, na kazi aliyoipata baada ya hapo ni kulinda magari kwenye maegesho ya maduka, akiwa amevaa kizibao cha kung'aa. Ma Thandeka aliniuliza mara moja tu, kana kwamba anajiuliza mwenyewe, imekuwaje kidole kile. Nilisema sijui.

Oom Faan aliporudi aliikuta ala kwenye droo. Sijui kwa nini sikuitupa. Aliitazama mgongo, akaitazama mbele, kisha akabonyeza mdomo kwa dole gumba. Ukakunjika. Akainusa, akasikia mafuta. Akaniuliza kama ni mimi, nikasema ni mimi. Akaniuliza kama Deo anajua, nikasema hapana. Nilingoja kufukuzwa. Badala yake alichukua nyundo, akagongomea msumari juu ya meza, mbele kabisa ya mahali ninapokaa, akaitundika.

"Utaishusha siku utakayomwambia," alisema.

Hakulitaja tena, si siku ile wala mwaka ule. Aliendelea kunifundisha kama kawaida, kukata ala za mkono wa kushoto, kushona za kike zinazokaa juu zaidi kiunoni, kuzirudisha kwa wenyewe zile za kiwandani za plastiki ambazo wateja hujaribu kuzichoma kwa moto ili zibane. Kila nilipoinua kichwa niliiona. Ningependelea anifukuze.

Mwaka mmoja baadaye, kanisani, Deo aliomba nafasi ya ushuhuda. Alikuwa ameacha uprotokole tangu ajali. Alisema mtu aliyeshindwa kukitawala kidole chake hawezi kumwonyesha mwenzake pa kukaa. Alisimama mbele akiwa ameegemea kiti. Alisema mwanzoni alikuwa mbishi, aliapa kwamba kidole kilikuwa nje, lakini Mungu amemvunja kiburi, na sasa anakiri mbele ya mkewe na mbele ya kanisa kwamba alikuwa mzembe. Alimwomba Mama Keza msamaha kwa kumtwisha nyumba nzima. Mama Keza alikuwa ameinama, na binti yao Keza, ambaye Kiswahili hakijui vizuri, alikuwa akimnong'oneza mamaye kwa Kizulu kumuuliza baba anasema nini. Mtu ambaye hakufanya kosa alikuwa amesadikishwa kwamba amelifanya. Watu wote walisema amina. Na mimi nikasema amina.

Hilo ndilo ninalolionea aibu kuliko nyundo. Nyundo ilikuwa ujinga wa robo saa. Ile amina niliisema nikijua kila kitu.

Oom Faan alifariki mwaka 2018, kwa kifua. Wiki ya mwisho nilikwenda kumwona, na nilidhani ataniuliza. Aliniuliza kama nimepata nta nzuri. Nikarudi karakana nikakaa chini ya ule msumari, nikalia kama mtoto, maana sasa hapakuwa tena na mtu mwingine aliyejua, na nilikuwa huru kuitupa. Mtu akishakuwa huru kiasi hicho huona yeye ni nani. Hata hivyo nilikaa mwaka mwingine mzima. Wengi wenu mlikuja katika mwaka huo, mkanikuta nawafokea kuhusu midomo ya ala, mkadhani ni ukali wa uzee.

Mwaka huu wa 2019 dole gumba liligoma kabisa, nikajua naondoka. Jumamosi ya mwisho niliishusha ala, nikaifunga kwenye gazeti, nikaenda kwa Deo. Wanakaa chumba kimoja cha uani, hapa hapa La Rochelle. Mama Keza alikuwa nje ya mlango akimsuka mteja. Deo alinikaribisha ndani, akanipa kiti kizuri, yeye akakaa kitandani mguu ameunyoosha. Sikunywa chai. Nilimfungulia gazeti nikamweleza yote, kuanzia mafuta mpaka lile swali la msimamizi, mpaka amina.

Aliishika ala akaibonyeza mdomo. Ukakunjika. Akaubonyeza tena. Kisha akainua mkono wake wa kulia akakitazama kidole kile, muda mrefu, mbele na nyuma.

"Kwa hiyo kilikuwa nje," alisema.

"Kilikuwa nje."

"Sema tena."

Nikasema tena. Hakunitukana, hakulia. Aliniambia kwamba usiku mwingine huamka akakiuma. Nilikitazama na nikaona ni kweli, pembeni mwa ukucha palikuwa na makovu. Nilianza kuomba msamaha, akanizuia kwa mkono.

"Usiniambie mimi peke yangu, Papa. Mama Keza yuko hapo nje. Na kesho kanisani."

Nikatoka nikamwambia Mama Keza, mbele ya mteja wake. Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kusuka, akafika mwisho wa msuko ule, akaufunga uzi. Aliniuliza jambo moja tu, ni siku ngapi nilikuwa nimejua. Nikamwambia tangu siku ya kwanza. Akaanza msuko mwingine. Ala ilibaki kwao. Ndiyo maana msumari hauna kitu.

Ma Thandeka naye nimemwambia, na amenisaidia kuandika maelezo kwa wahusika ili jina la Deo lisafishwe, nami nimetia sahihi kila ukurasa. Wameyapokea. Mguu hawataurudisha.

Jumapili, kesho yake baada ya kwenda kwa Deo, nilisimama mbele ya kanisa. Nilisema kwa maneno machache, kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu ili ulimi usinipe nafasi ya kujipamba. Nilipomaliza hakuna aliyesema amina, na sikutegemea. Niliporudi nyuma nikakuta watu wameshakaa kwenye kiti changu. Mlangoni alikuwa amesimama Deo, amevaa tena shati jeupe la uprotokole, akiwapokea waliochelewa. Aliwaonyesha viti mmoja mmoja kwa kidole chake cha kulia, wewe pale, mama hapa mbele, na watoto kule. Nilisogea karibu nikangoja zamu yangu. Akanitazama, akawapokea wawili waliokuwa nyuma yangu, akawaonyesha viti vyao. Nikaenda nikaegemea ukuta, nikasimama mpaka ibada ikaisha.